Mvua na arusi ya parseli hapa Goma: bashi gani ununue, tenti gani uache

Aya ndugu zangu, karibuni tena. Leo ni bashi, yaani maturubai, na tenti, juu mumeniandikia sana, wengi wenu muko kwenye komite ya arusi, sale imekuwa ghali, familia imesema basi fete ifanyike kwenye parseli, halafu mukiangalia kalenda ni mwezi wa kumi na moja na mvua ya hapa munaijua. Nyuma yangu niko na vitu vine: tenti ya kukunja ya mita 3 kwa 3, bashi ya bule ya kawaida, bashi nyeupe nzito, na bashi ya kamio, ile ya kufunika mizigo ya lori. Za kukodi nazo nitaziongelea.

Ila muone chini kwanza. Kamera chini kidogo. Hapa nimesimama juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, lava ya mwaka 2002, ile yenye ilipita katikati ya muji mpaka ikaingia ziwani. Hii tenti ya kukunja imekuja na vigingi vya chuma ndani ya mfuko wake. Napiga kimoja. Sikieni hiyo sauti. Napiga tena... haya, muone, kimepinda kama ndoano na jiwe halina hata alama. Zile video za Ulaya zinakuambia chomeka kigingi kwenye nyasi, nyasi gani? Hapa kwetu kinachoshika tenti ni uzito. Franga za komite zikiwa kidogo, ziende kwanza kwenye miti, kamba na uzito, kitambaa kitafuata. Watu wengi wanafanya kinyume, wananunua tenti ya kupendeza halafu wanaifunga na kamba ya kuanikia nguo.

Sasa hiyo tenti ya kukunja. Nzuri yake: watu wawili wanaifungua mbio, na kwa picha inatoka vizuri. Lakini songeni karibu muone hapa kwenye kona, pale mabomba mawili yanakutana. Kile kinachoyashika ni plastiki. Nikiusukuma huu muguu kwa kidole tu, munaona vile kona yote inacheza? Upepo wa ziwa ukija na mchana hiyo plastiki njo inavunjika ya kwanza, na upepo ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne, kwa hiyo usiseme "jana kulikuwa na kaupepo na ilisimama". Kwa nafasi sasa: ni mita 9 za mraba, muuzaji atakuambia watu 12, ni kweli kama mvua inashuka wima. Mvua ya hapa inakuja kwa ubavu, wale wa pembeni wote watalowa. Mimi ningeiweka kwa meza ya gato ama kwa sono ya muziki, na ningetafuta yenye kona za chuma. Kununua sita za hizi ili kufunika wageni, apana, ni kutupa franga.

Bashi ya bule. Iko kila pahali, ukizunguka soko la Birere hukosi, na njo bei ya chini kuliko zote. Niinue kwenye jua... munaona zile nukta nukta za mwanga? Pale maji yatapita, si leo, lakini ikishakunjwa na kukunjuliwa kidogo tu. Na hizi tundu za pembeni zenye pete ya chuma, ivute kidogo, pete inabaki mukononi. Ubaya mwingine, na huu ba bibi arusi wanausahau: rangi. Mwanga wa mchana ukipita kwenye bule, kila mtu chini yake anakuwa bule, uso bule, robe nyeupe bule, hata wali kwenye sahani. Fotografe atakuambia atarekebisha kwenye ordinateri, hatarekebisha vizuri. Hii ya bule iache kwa kufunika viti na mifuko ya makala ya kupikia.

Nyeupe nzito njo chaguo langu. Ya mita 4 kwa 6, iko na uzito wa kilo 5 hivi, ukingo wake umekunjwa na kamba imepita ndani, unausikia ukishika. Mwanga unapita mweupe, watu wanaonekana watu. Kitu moja tu: zile zenye alama ya shirika la misaada zinauzwa sokoni, bei nzuri, mimi sinunui. Zilitolewa kwa mutu yenye kulala inje. Tafuta yenye haina alama.

Bashi ya kamio nayo maji hayapiti kabisa. Lakini kwa ukubwa uleule inaweza kufika kilo 15, sasa inataka miti minene, na chini yake giza na joto. Uzuri ni kwamba shemeji yenye kamio anaweza kukuazima bure. Ukiazima, ioshe na omo siku mbili mbele na uianike, juu kamio zetu zinabeba vitunguu na samaki ya chumvi, usije kuwakalisha bakwe chini ya harufu ya soko.

Tuingie sasa kwenye kufunga, na hapa nitakaa kidogo, juu bashi nzuri yenye imefungwa vibaya ni hatari. Sentimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 10, yaani kilo 10. Bashi ikilegea katikati ikafanya kisima cha mita 2 kwa 2, maji ya sentimita 10, hesabu mwenyewe: kilo 400, juu ya kichwa cha baba mukwe. Kwa hiyo usitandaze bashi sawasawa hata siku moja. Miti ya karitusi, upande moja mita 3 kwenda juu, upande ingine 2, na ule wa chini uelekee kule upepo unatoka. Chini ya bashi pitisha kamba zenye kukazwa, kila mita moja, ili isilegee. Ukiunganisha bashi mbili, zipandane nusu mita, ya juu ilalie ya chini, mpangilio ni ule wa mabati. Kwa hiyo bashi moja inakubakishia kama mita 20 za mraba, viti 20 ama 25 bila meza. Wageni 100, tafuta tano.

Zile pete msizitumaini. Fanyeni hivi, muone mukono wangu: nachukua kipande cha nguo ya zamani, nakiviringisha kikuwe kama ukubwa wa yai, nakiweka chini ya bashi karibu na kona, nafunga kamba inje nikikaza shingo yake. Vuta sasa. Haitoki. Watu wanatumia kajiwe, lakini mawe ya hapa yana meno, yatakata bashi. Na kati ya kamba na uzito, funga kauchu, zile wanazokata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, juu upepo ukipiga kauchu inavutika na inarudi, kamba peke yake inararua.

Kwa uzito huna shida, umekaa juu yake. Muti unausimamisha ndani ya pneu ya zamani, unajaza mawe mpaka juu. Bido ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, funga mbili mbili kila kona, na kesho yake maji hayo unayaoshea vyombo. Ila musifunge kamba kwenye ukuta wa mawe yenye yamepangwa bila simenti, tunao mingi hapa, upepo utauvuta na ukuta utashuka kwa wageni.

Kukodi: ukipita watu 150 hivi, kukodi tenti kubwa kunakuwa rahisi kuliko kuhangaika na bashi saba. Lakini uliza kabla ya kulipa: usafiri uko ndani ya bei? wafungaji? pande za kuzuia mvua ya ubavu? na nani anabaki pale fete ikiendelea? Na uliza sana juu ya katikati ya tenti mbili. Rafiki yangu alikodi mbili, wakazibandika ubavu kwa ubavu bila mufereji, maji ya tenti zote mbili yakashuka pale kati, mstari moja, juu ya meza ya familia ya bibi arusi. Protokole wakaanza kupokea maji na sufuria za jikoni.

Jikoni lenyewe likae mbali, chini ya mabati. Makala chini ya bashi ya plastiki, apana. Na nyaya za sono na za taa zipite juu kwenye miti, zisilale chini kwenye maji.

Arusi ikiisha usikunje bashi ikiwa imelowa, itashika ukungu na hutaiuza. Ianike, ifute vumbi nyeusi, halafu iuze kwa mutu yenye anajenga, na miti pia, fundi watazichukua haraka.

Ba Bukavu, najua munasema sijawaongelea. Kwenu ni udongo na mteremko, vigingi vinaingia lakini mvua inavingoa, hiyo inataka video yake, niandikieni parseli zenu ziko upande gani.