"Elis & Tom": kicheko kilichobaki kwenye santuri

Mwezi Machi, majira ya joto yanapoelekea kwisha, mvua za Rio de Janeiro hunyesha kwa nguvu na kusomba kila kilichoachwa njiani. Huko ndiko ulikotoka wimbo unaofungua albamu ya "Elis & Tom" ya mwaka 1974. "Águas de Março", yaani maji ya Machi, hauna kisa wala wahusika. Ni vitu tu vinavyotajwa kimoja baada ya kingine, kijiti, jiwe, kipande cha kioo, chura, matope, mpaka msikilizaji ahisi kwamba kinachopita na maji hayo ni maisha yenyewe. Mwimbaji Mbrazili Elis Regina na Antônio Carlos Jobim, ambaye Wabrazili humwita Tom, wanapokezana: mmoja anataja, mwenzake anadakia, na kadiri wimbo unavyosonga ndivyo maneno yanavyofupika hadi kubaki vipande vya silabi. Kuelekea mwisho kicheko kinamponyoka Elis, naye haachi kuimba. Nimeusikiliza wimbo huu mara nyingi mno, na bado kila mara hukingojea kicheko hicho.

Wepesi huo haukupatikana bure. Albamu ilirekodiwa Los Angeles kati ya Februari na Machi 1974, ikiwa zawadi ya kampuni ya Philips kwa Elis kwa kutimiza miaka kumi nayo. Upangaji wa muziki ulikuwa mikononi mwa César Camargo Mariano, mpiga piano na mwenzi wa Elis, ambaye alikuja na piano ya umeme na mapigo ya bendi ya kisasa. Jobim, mtunzi aliyeheshimika duniani kote kwa bossa nova, mtindo laini wa muziki wa Brazil, hakuiamini ala hiyo, na siku za mwanzo studioni zilikuwa nzito. Inafaa kukumbuka kwamba Elis mwenyewe, Julai 1967, aliandamana katika mitaa ya São Paulo kuupinga uvamizi wa gitaa la umeme katika muziki wa kwao. Miaka saba baadaye alikuwa upande wa umeme, akimshawishi mtu aliyemzidi umri kwa miaka 18.

Ukisikiliza "Só tinha de ser com você" utajua Mariano alikuwa sahihi. Piano ya umeme haishindani na sauti. Inatandaza chini yake kitu laini kama mkeka, besi ya Luizão Maia inatembea kwa hatua fupi, na Elis anachelewesha maneno kidogo tu nyuma ya mapigo, kwa namna ambayo mwimbaji asiye na uhakika wa pumzi yake asingethubutu. Sipendezwi sana na "Modinha", ambamo fidla zimejaa kiasi cha kuubeba uchungu ambao sauti peke yake ingeutosheleza. Lakini katika nyimbo 14, kasoro hiyo ni ndogo.

Toleo nililonunua, santuri iliyochapishwa upya, lina sauti safi, ila halina mashairi yaliyoandikwa, na hilo ni kosa kwa albamu inayotegemea maneno kiasi hiki. Kiswahili kilichukua meza, bendera na leso kutoka Kireno, lakini maneno hayo hayamfikishi mtu mbali ndani ya shairi la Vinicius de Moraes, mshairi wa baadhi ya nyimbo hizi. Nashauri mnunuzi atafute tafsiri kabla ya kuanza kusikiliza.

Kwa Wabrazili, muziki pendwa wa nchi yao, unaoitwa kwa kifupi MPB, haukuwa burudani ya jioni tu. Ulikua mbele ya macho ya watu wote katika matamasha ya nyimbo ya televisheni, na Elis alishinda mojawapo mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya jeshi kutwaa madaraka. Kwa kuwa magazeti na mikutano vilibanwa, watu walipima msimamo wa kila mwimbaji kwa alichoimba na mahali alipoimba. Wanamuziki Caetano Veloso na Gilberto Gil walikamatwa Desemba 1968 na kuishia uhamishoni London. Elis naye alilaumiwa vikali alipoimba katika sherehe za jeshi mwaka 1972, kisha mwaka 1979 sauti yake ndiyo iliyobeba wimbo wa kudai msamaha kwa waliofukuzwa nchini. Albamu hii imesimama katikati ya mambo hayo mawili na haisemi lolote kuhusu siasa. Wapo wanaoiona kuwa ni kukwepa. Mimi naona ni watu wawili waliokataa kuacha mapenzi, mvua na mawaridi viwe mali ya nyakati za raha peke yake.

Upande wa pili unamalizika kwa "Inútil Paisagem". Bendi imenyamaza, fidla hazipo, na piano ya umeme imewekwa kando. Tom anapiga piano ya kawaida, polepole, akiacha nafasi ndefu kati ya noti, na Elis anaimba karibu sana na maikrofoni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mwenzake chumba kimoja.