Naltrexone ya 50 mg: raha ya bia imeondoka, mazoea bado yapo

Nyota nne kati ya tano.

Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Minnesota, kwa hiyo bia zangu zilikuwa za saa moja asubuhi, wenzangu wakinywa chai. Daktari aliniandikia vidonge hivi vya kusaidia kupunguza pombe baada ya kunipima ini na kuniuliza, tena kwa kurudia, kama natumia dawa za maumivu za jamii ya morfini. Msimfiche. Zikiwa mwilini, kidonge hiki kinaweza kukutia arosto ya ghafla, yaani mateso ya mwili kunyimwa dawa uliyoizoea.

Pombe ikiingia, ubongo hutoa endofini, kemikali zake wenyewe za raha, nazo hutafuta vipokezi vyake, yaani sehemu za ubongo zinakojishikiza ili zifanye kazi. Naltrexone inakuwa imeshavikalia. Kulewa unalewa kama kawaida (usidanganyike ukashika usukani), ila ule utamu wa kopo la kwanza hauji. La pili nililiacha nusu mezani, shemeji akalipiga picha.

Disulfiram, aliyopewa binamu yangu kule Kisumu, ni habari nyingine. Ile inazuia mwili kumaliza kuivunja pombe: ukinywa, uso unawaka, moyo unaenda mbio, unatapika. Inategemea woga. Binamu aliacha vidonge, pombe akaendelea nayo.

Nyota naikata hapa: nikivua viatu vya kazi tu, mkono ushafika kwenye friji. Raha haipo, lakini ubongo ulishajifunza saa, kiti, mlio wa kopo, na vitu hivyo vyenyewe vinaamsha hamu. Mshauri ninayeongea naye kwa video anasema hamu hiyo hufifia ishara zikija mara nyingi bila zawadi. Kidonge peke yake hakikufikishi huko. Siku hizi naingilia mlango wa nyuma, nakula ugali, nalala.

Mwanzoni nilipata kichefuchefu. Kukinywa baada ya chakula kulisaidia. Ni kichungu, kimeze haraka. Mlio nyumbani waulizeni madaktari wenu, maana tangu 2023 kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Anayeamka akitetemeka mpaka apate pombe asijaribu kuacha ghafla nyumbani akitegemea hiki. Hakizuii degedege la kukatisha pombe, na degedege hilo linaua. Huyo aanzie hospitali.