Podikasti za riwaya na filamu, zikisikilizwa kwenye cherehani Kigoma

Naanza na msimamo wangu ili msomaji asipotezewe muda: podikasti ya riwaya isiyosoma hata aya moja ya kitabu inachokijadili, mimi siifikishi mwisho. Watu wawili wakae waambiane kwamba kitabu kimewagusa, kwamba kina mambo mazito, kwamba mwandishi ni hatari, nami sijasikia hata sentensi moja ya mwandishi huyo, nimepata nini? Nimewasikia watu wakisifia wali walioula wao.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kazi yangu inashika mikono na macho, masikio yanabaki huru mchana kutwa. Maduka ya vitabu ya huku yanaishi kwa vitabu vya shule, madaftari na vitabu vya dini, hivyo riwaya mpya naiagiza Dar na kuisubiri ije kwa basi. Maana yake mazungumzo juu ya kitabu yananifikia kabla ya kitabu chenyewe, na mara nyingine kitabu hakifiki kabisa. Aliye karibu na duka kubwa anaweza kuichukua podikasti kama nyongeza baada ya kusoma. Kwangu mimi mara nyingi ndiyo mlango wenyewe, ndiyo maana naidai mengi.

Inayolipa deni hilo kuliko zote ni ile ya hadithi ya jarida la The New Yorker. Ipo tangu 2007, inaendeshwa na Deborah Treisman, mhariri wa hadithi wa jarida hilo. Utaratibu wake ni mmoja: mwandishi mgeni anachagua hadithi fupi ya mwandishi mwingine iliyowahi kuchapwa na jarida, anaisoma yote, neno kwa neno, kisha wanakaa wanaijadili. Ni hadithi fupi, si riwaya, lakini hakuna shule ya kusoma riwaya iliyonifaa zaidi ya hii. Mazungumzo yanapoanza, nami nimeshaisikia hadithi. Mgeni akisema kwamba mhusika alikuwa anadanganya tangu ukurasa wa kwanza, naweza kumbishia moyoni, kwa sababu ushahidi ninao masikioni. Kuna hadithi nimezirudia nikishona suruali za shule mwezi mzima wa Desemba, na kila nikirudia nakuta swali jipya.

World Book Club ya BBC, iliyoanza 2002 na kuendeshwa kwa miaka mingi na Harriett Gilbert, ina njia nyingine. Mwandishi anakaa mbele ya wasomaji, kitabu kimoja tu mezani, na maswali yanatoka kwa wasomaji wa nchi mbalimbali. Hapo napenda pale msomaji wa kawaida anapouliza swali ambalo mhakiki asingethubutu: kwa nini ulimuua yule mtoto? Mwandishi anayeulizwa hivyo hawezi kujificha nyuma ya maneno makubwa. Na huwa wanasoma vipande vya kitabu, ingawa vifupi.

Nikija kwenye filamu, nina kipimo kingine. Mtu anayejadili filamu iliyotokana na riwaya lazima anionyeshe mahali ambapo filamu ililazimika kufanya jambo tofauti, na aniambie lilifanyikaje. Mfano mzuri nilioupata ni mjadala wa American Fiction, filamu ya Cord Jefferson ya 2023 iliyotokana na Erasure, riwaya ya Percival Everett ya 2001. Mwandishi Mweusi aliyechoka kuambiwa vitabu vyake havina "uweusi" wa kutosha anaandika kwa hasira kitabu cha kijinga kilichojaa bunduki na dhiki, na kitabu hicho kinapendwa mno. Ndani ya riwaya, Everett anakichapa kitabu hicho cha kijinga chote, ukurasa kwa ukurasa, na msomaji analazimika kukipitia. Filamu haiwezi kukusomesha kitabu kizima, kwa hiyo Jefferson aliwatoa wahusika wakasimama chumbani kwa mwandishi, wakawa wanaigiza huku naye anawaandikia na kuwafutia maneno. Wazungumzaji walitumia karibu nusu saa kwenye jambo hilo moja: nani anacheka zaidi, msomaji au mtazamaji, na kicheko kinamwangukia nani. Nilimaliza kipindi nikiwa nimeielewa filamu kuliko nilivyoielewa nilipoitazama.

Lakini kipindi kilichonifanya nisimamishe cherehani kabisa kilihusu The African Queen. Ni hadithi ya zamani, riwaya ya C. S. Forester ya 1935 na filamu ya John Huston ya 1951, iliyompa Humphrey Bogart tuzo yake ya Oscar. Wengi wa huku wameisikia hata kama hawajaiona. Vita ya Kwanza ya Dunia imeanza, Rose, dada wa mmisionari, na Charlie mwenye boti kuukuu wanashuka mto hadi ziwani wakailipue meli ya kivita ya Wajerumani, Luise.

Wazungumzaji hao, wageni wa nchi za mbali, walisoma kurasa za mwisho za riwaya, na hapo niliwashukuru. Kitabuni mpango wa Rose na Charlie unashindwa: boti inazama kwenye dhoruba, wanakamatwa, kapteni Mjerumani anawarudisha kwa Waingereza, na meli inakuja kuzamishwa na boti za jeshi la Uingereza. Filamuni wanahukumiwa kunyongwa, wanaomba kapteni awafungishe ndoa kwanza, kisha Luise inagonga mabaki ya boti yao yenye mabomu na kulipuka. Wote wawili waliupenda mwisho wa filamu. Kisha, kwa sentensi moja ya haraka, wakasema meli hiyo ilitokana na meli ya kweli, wakaendelea kuzungumza juu ya Katharine Hepburn, aliyemwigiza Rose.

Hapo ndipo nilipoona upungufu wa kuwasikiliza watu wa mbali peke yao. Meli hiyo ya kweli, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikaja kwa reli na kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Haikulipuliwa na mtu. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha walipokuwa wanarudi nyuma, na mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito ili siku moja iweze kuinuliwa. Waingereza waliiinua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Bibi zetu wameipanda kwenda Kasanga na Mpulungu, bandari za kusini mwa Ziwa Tanganyika, na magunia yao ya dagaa. Kuna miisho mitatu, basi, na mimi naupenda huu wa tatu kuliko yote: fundi anayeizamisha meli kwa uangalifu ili isife. Baada yake naweka ule wa kitabu, kwa sababu watu wadogo waliojitoa kwa moyo wote na wakashindwa ni wa kweli zaidi kuliko mlipuko uliokuja kwa bahati.

Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa huku angelisema papo hapo. Forester aliipa hadithi yake mto Ulanga unaoishia kwenye ziwa la kubuni, wakati Ulanga halisi uko Morogoro na maji yake yanakwenda Rufiji hadi baharini. Filamu yenyewe ilipigwa Kongo na Uganda, na sehemu nyingine studio Uingereza. Waafrika wa hadithi hiyo wako pembeni. Swali la nani aliishi kando ya Ziwa Tanganyika lilipokuwa uwanja wa vita halikuulizwa katika saa nzima ya mazungumzo, na si kwa ubaya. Waliokuwa wanazungumza hawakuwa na bibi aliyepanda Liemba.

Kuhusu bando nitasema kwa kifupi. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29, na ya kilobiti 128 inafika MB 58. Natumia programu ya AntennaPod, ya bure, isiyo na matangazo wala kukudai barua pepe. Nimeiwekea ipakue kwenye Wi-Fi tu, na Kiingereza kikiwa cha kasi napunguza mwendo kidogo. Kusikiliza moja kwa moja mtandaoni sikushauri, mtandao wa huku ukiyumba mazungumzo yanakatika pale pale palipokolea.

Sasa Kiswahili. Inanishangaza tunavyokuwa wachache kwenye uwanja huu, maana sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vibanda vya kuonyesha video, tuliijua filamu kwa sauti ya mtu anayezungumza juu yake. Mkanda ni wa Kihindi au wa Hong Kong, na Lufufu, au mwingine aliyefuata nyayo zake, anakueleza nani kamfanya nini nani, anamsuta muuaji, anamwonya shujaa, anakupa na maoni yake juu ya mavazi. Watu walichagua kibanda kwa kumfuata msimuliaji. Mazungumzo juu ya filamu kwa Kiswahili yana mizizi mirefu kuliko podikasti yoyote, na anayeyafanya leo ana mahali pa kusimama.

Nimesikiliza podikasti moja ya vijana wa Dar es Salaam, jina nitalihifadhi kwa sababu nitaisema vibaya kidogo. Dakika ishirini za mwanzo ni salamu, shukrani kwa wadau na vicheko vya mambo ambayo msikilizaji hayajui. Vipindi vinakuja, vinapotea miezi, vinarudi. Lakini walipoichukua Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya 1999, na filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyooneshwa hadi tamasha la Toronto, walinipa kitu ambacho sijakipata kwa Kiingereza. Mmoja wao alikisoma kitabu akiwa kidato cha sita na bado anakipenda. Alisoma kwa sauti kurasa za Yasmin anapoozwa kwa mzee asiyempenda, akazisoma vizuri, bila haraka. Kisha wakabishana. Mmoja alisema filamu, yenye kama saa moja na nusu tu, imemwonea Yasmin kwa sababu kitabuni tunaishi naye polepole hadi anajifunza kusema hapana. Mwenzake akasema filamu imemlipa kwa namna nyingine, kwa taarabu ya rafiki yake Mwajuma na kwa jinsi kamera inavyokaa usoni pa Yasmin pale asipokuwa na la kusema. Binti ninayemfundisha kushona, ambaye nilikuwa nimempa upande mmoja wa hedifoni, aliniuliza, "Dada, hivi hicho kitabu kinapatikana wapi?" Podikasti ikizaa swali hilo imefanya kazi yake.

Ningependa wafanye vivyo hivyo kwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Mijadala ya Kiingereza niliyoisikia inamzungumzia Yusuf wa Kurani, ambaye mhusika mkuu ana jina lake, na inamzungumzia mwandishi Joseph Conrad, na yote ni sawa. Lakini riwaya hiyo ni ya msafara wa biashara unaotoka pwani kuja bara, kwetu, na wabebaji ndio wanaokufa njiani. Mtu wa Tabora, ambako Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara hiyo vizazi na vizazi, akikutana na mtu wa Ujiji, ambako misafara iliishia majini, wangekuwa na maswali ambayo London hayapo.

Mpaka sasa tunajisomea wenyewe. Wateja wakipungua yule binti anashika Peponi na kusoma kwa sauti, mimi nakata vitenge. Tumefika pale sultani aitwaye Chatu anapoushika msafara na kunyang'anya bidhaa zote kwa sababu aliwahi kudhulumiwa na mfanyabiashara aliyepita kabla. Binti anasema Chatu ana haki, aliyeibiwa ana haki ya kujifidia kwa yeyote wa kundi lile lile. Mimi nasema wabebaji hawakuwa kundi la mtu, walikuwa wanatafuta riziki, na ndio waliopigwa. Mzee wa duka la jirani, aliyekuwa anasikiliza bila sisi kujua, anamlaumu tajiri Aziz, mwenye msafara, kwa kuwapeleka huko. Hatujakubaliana, na kesho asubuhi kabla ya wateja amesema analeta kiti chake.