Ile alama ya kujumlisha kwenye boksi: simu mbili ndani ya mwaka mmoja

Nauza vitenge na kanga, na duka langu kubwa ni WhatsApp. Kibanda ninacho, kipo Mbagala, lakini wanaonilisha ni wateja wa Dodoma, Mbeya na Songea ambao hawajawahi kukitia machoni. Kwa hiyo nikisema simu imenitia hasara, sizungumzii kuchelewa kufungua TikTok.

Simu ya kwanza niliinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 320,000. Jina la kampuni naliacha. Kijana wa dukani alininyooshea boksi: "Dada, hii ni GB nane kwa mia ishirini na nane. Kwa bei hii zunguka Kariakoo nzima, utarudi hapa hapa." Ile nane, yaani RAM, niliiona kwa macho yangu, imechapwa kubwa kwa rangi ya dhahabu. Ambacho sikukiona ni kinyota kidogo pembeni yake. Na nyuma ya boksi, chini kabisa, jirani na ile picha ya pipa la taka lililokatwa msalaba, kulikuwa na herufi za ukubwa wa sisimizi: 4GB + 4GB.

Wiki tatu za mwanzo sikuwa na neno. Baada ya hapo magrupu yakajaa, picha zikarundikana, vituko vikaanza.

Siku moja mteja wa Dodoma alitaka pisi sita za sare ya harusi. Tumeshakubaliana bei, akaomba nimpigie picha ya karibu aone pindo. Nikabonyeza kamera humo humo ndani ya WhatsApp, nikapiga, nikakubali. Kioo kikawa cheupe, kisha WhatsApp ikajifungua upya kama vile ndiyo nimeiwasha asubuhi. Picha hakuna. Nikarudia. Hakuna. Nikatoka, nikapiga kwa kamera yenyewe, nikaenda kuangalia kama meseji ya muamala wa mteja mwingine imeingia, niliporudi kila kitu kinaanza moja. Mara ya tano ndipo picha ikaenda. Jibu lake: "Pole dada, nimeshapata kwa mwingine." Pisi sita hizo!

Nikajua ni virusi. Nikaipeleka kwa fundi wangu pale Rangi Tatu, kijana mpole, hana maneno mengi. Akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, akagonga namba ya muundo mara saba hadi simu ikamwambia sasa wewe ni msanidi programu. Ikafunguka menyu ambayo sikuwahi kujua ipo. Akaenda kwenye kumbukumbu, akanigeuzia kioo: RAM yote GB 3.7, iliyotumika kwa wastani GB 3.2. "Dada yangu, hii haina virusi. Hii ina njaa."

Nikamwambia mbona ni GB nane. Akacheka, akaomba boksi.

Alichonieleza nimekuja kukielewa vizuri zaidi nikiwa kibandani kwangu. RAM ni meza ninayomtandikia mteja vitenge. Zile GB 128 ni stoo. Meza ikiwa ndogo, nikitaka kutandika kitenge cha nne lazima nikunje kimoja, na mteja akitaka kukiona tena naanza kukikunjua upya. Ndivyo simu ilivyokuwa inaikunja WhatsApp yangu kila nilipofungua kamera. Sasa hizo "GB nne za kuongeza" si meza. Ni kipande cha sakafu ya stoo kilichochorewa mstari kwa chaki, wakaniambia tandika na hapo. Nafasi ipo kweli, lakini kila kitenge ni safari ya kwenda na kurudi nyuma ya duka. Simu inachukua sehemu ya hifadhi na kuegesha humo vitu ambavyo RAM imeshindwa kuvibeba. Kwa programu ambayo huigusi kwa muda inasaidia kidogo. Kwa kamera na WhatsApp kupokezana hapo hapo, mimi sikuona msaada.

Na hiyo safari ya stoo nayo ina barabara yake. Hili ndilo lililoniuma, kwa sababu haliandikwi popote mbele ya boksi. Simu za bei ya chini nyingi zina hifadhi ya aina ya eMMC. Toleo lake la 5.1 kikomo chake hata kwenye karatasi ni MB 400 kwa sekunde, tena njia ni moja: ikiwa inaandika haisomi, ikiwa inasoma haiandiki. Aina ya UFS inasoma na kuandika kwa wakati mmoja, na UFS 2.2 kwenye karatasi inapita MB 1,000 kwa sekunde. Simu mbili zote zinaweza kuandikwa GB 128 na zisifanane kabisa pale unapotuma picha arobaini huku unapakua video. Yangu ilikuwa eMMC. RAM ndogo, ikaegemea stoo, na stoo yenyewe barabara ya vumbi.

Hata hizo 128 usizihesabu zote. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili, kumbe kompyuta nyingi huihesabu kwa baiti 1,073,741,824, kwa hiyo 128 ikisomwa kwa kipimo hicho ni kama 119. Android yenyewe nayo ina chumba chake humo, na kodi haikulipi.

Nikakaa na simu ile miezi minane nikiwa nafuta picha kila jioni. Nilipopata mchezo wangu wa kikoba, nikasema safari hii siendi Kariakoo na macho tu.

Nikanunua Redmi Note 13, ile ya 4G, RAM GB 8 na hifadhi GB 256. Narudia: ya 4G, maana ipo na ya 5G yenye jina hilo hilo, na ndani ni simu nyingine, prosesa yake, yaani ubongo wa simu, ni Dimensity 6080. Hii yangu ina prosesa ya Snapdragon 685 na hifadhi UFS 2.2. Haya niliyasoma kwenye tovuti ya kampuni kabla sijapanda daladala, nikayaandika kwenye karatasi kama orodha ya sokoni. Muuzaji alipoanza "dada, hii ina viini vinane", yaani vile vya kwenye prosesa vinavyogawana kazi, nikamuuliza vinane vya namna gani. Akaniangalia. Ile ya kwanza nayo ilikuwa na vinane! Ila viwili tu ndivyo vyenye nguvu, sita ni vya kazi nyepesi, na chipu yake ni ya nanomita 12, na hapo namba ikiwa ndogo ndiyo afadhali. Snapdragon 685 ni ya nanomita 6, viini vinne vinafika GHz 2.8 na vinne GHz 1.9.

Kwenye boksi la hii nikatafuta alama ya kujumlisha kwanza. Kwenye mipangilio RAM ya kuazima bado ipo, unaweza kuiongeza ukitaka. Mimi nimeizima, kwa sababu nane zenyewe ni za kweli na zinanitosha.

Kabla sijatoa hela nikabonyeza *#06#, nikalinganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, halafu nikaituma kwenda 15090, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Jibu likarudi na jina la kampuni na modeli. Sisi tuliokuwa na simu Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, hatuhitaji kukumbushwa. Ila ujue 15090 haikuambii RAM ni ngapi. Hiyo niliiangalia kwenye mipangilio nikiwa nimesimama hapo hapo kaunta, muuzaji akijifanya anapanga chaja.

Miezi mitano sasa. Kamera na WhatsApp zinapokezana bila kugombana, na meseji ya muamala nikienda kuisoma nikirudi nakuta mazungumzo palepale nilipoyaacha. Kioo ni cha AMOLED, na hapo nilijikwaa mwenyewe: rangi zinawaka mno. Nyekundu niliyoiona mimi mteja wa Songea aliiona damu ya mzee kwenye simu yake, tukabishana hadi nikabadilisha mpangilio wa rangi kuwa wa kawaida. Kamera ya megapikseli 108 isikutishe, ukipiga kawaida inaunganisha pikseli tisa kuwa moja na picha inatoka ya 12. Kwa pindo la kitenge inatosha sana. Chaji ni ya wati 33 na betri mAh 5000, nikitoka nyumbani alfajiri narudi nayo jioni.

Jambo moja ulipime kabla: nafasi ya laini ya pili ndiyo hiyo hiyo ya memori kadi. Mimi natumia laini mbili, moja ya wateja na moja ya nyumbani, kwa hiyo memori kadi nimeisahau, ndiyo sababu nikaongeza hela nikachukua GB 256.

Ile ya kwanza nilitaka kuiuza, fundi akanitajia bei nikaona aibu. Nimempa mama, Lindi. Anapokea simu, anasikiliza redio, basi. Juzi kanipigia: simu uliyoninunulia mwanangu ni nzuri sana, haijakwama hata siku moja.