Uzoefu wangu: Le Hobbit, kitabu kimoja na filamu tatu kwa Jumamosi tatu

Kisanduku kilinifikia kutoka Liège, Ubelgiji. Dada yangu alikuwa amekikunja ndani ya nguo za watoto ili kisipasuke njiani. Ndani mna diski tatu, kila moja na filamu yake: ya 2012, ya 2013 na ya 2014. Tumezitazama hapa nyumbani Katuba, Lubumbashi, Jumamosi tatu mfululizo: mimi, watoto wawili wa dada yangu wanaokaa kwangu, na mama yangu, ambaye wao wanamwita Kambo. Mtoto mkubwa ana miaka 14, mdogo ana 10.

Kwa wanaotaka kununua, kwanza nieleze ninasimama wapi. Kitabu nakijua sana. Baba yangu alikinunua kwa wauza vitabu vya kutandika chini mjini: Bilbo le Hobbit, tafsiri ya Kifaransa ya Francis Ledoux. Jalada lilitoka zamani, kurasa za mwanzo nimezishona kwa uzi. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba, chini ya lile bomba refu la moshi, kando ya mlima mweusi wa taka za madini ambao kila mtu wa mji huu anaujua. Jioni alitusomea sura moja kwa Kifaransa, kisha anaisimulia upya kwa Kiswahili ili mama naye afuate. Hadithi ya watu waliochimba mlima wao mpaka utajiri wake ukaita joka haikuwa hadithi ya mbali kwetu. Baba alikuwa akifika kwenye maneno ya dhahabu anashusha sauti.

(Watu hao wafupi waliochimba mlima ninawaita vibeti. Neno mbilikimo silitumii, kwa sababu katika nchi hii linawagusa watu halisi wa msituni, na wao hawana uhusiano wowote na hadithi hii.)

Wengi wanalalamika kwamba kitabu kidogo vile hakikupaswa kutoa filamu tatu. Mimi nasema hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Kitabu cha Tolkien, cha 1937, kina sura 19, na sura zake ni fupi kwa sababu msimulizi anaruka haraka: anakuambia vita vilikuwa vikali, anakupitisha. Ukizipa nafasi sura hizo, zinaweza kupanuka bila kuchanika. Swali ni pale kisu kilipopita kugawanya, na kilichotiwa kwenye mwanya uliobaki.

Na kisu kilichelewa. Mwanzo mpango ulikuwa filamu mbili. Guillermo del Toro ndiye aliyekuwa aongoze, akajiondoa 2010, na Peter Jackson, aliyekuwa ametengeneza filamu tatu za Bwana wa Pete kati ya 2001 na 2003, akaichukua kazi mwenyewe. Upigaji picha ulianza Machi 2011 huko New Zealand. Ilipofika Julai 2012, miezi mitano tu kabla ya filamu ya kwanza kuingia kumbi za sinema, ikatangazwa kwamba zitakuwa tatu. Ukilijua hilo unaiona mishono: nguo ilikatwa kwa mtu mmoja, ikashonewa mwingine.

Sasa filamu zenyewe.

Ya kwanza, Un voyage inattendu, ni dakika 169, na wengi wanasema inachelewa kuanza. Mimi ningeongeza hata dakika kumi. Vibeti 13 wanaingia nyumbani kwa Bilbo, hobbit mwenyewe, mtu mdogo anayependa utulivu, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wanakula akiba yote, wanarushiana sahani, na mwenye nyumba anazunguka bila kujua amfukuze nani. Nyumba yetu imewahi kupokea wageni wa msiba waliofika bila taarifa. Watoto walilielewa tukio hilo kuliko mtazamaji yeyote wa Ulaya. Halafu vibeti wanatulia, wanaimba mbele ya moto kwa sauti za chini kabisa wimbo wa mlima wao waliopokonywa. Kambo hajui Kifaransa, lakini hapo alisema: "Bale watu beko mbali na kwabo." Filamu moja ya saa mbili isingekuwa na nafasi ya kukaa kimya vile.

Kisha vitendawili chini ya mlima. Hii ni sura ya tano ya kitabu, na kwangu ndiyo filamu nzima. Martin Freeman kama Bilbo na Andy Serkis kama Gollum, kiumbe wa gizani, pale gizani, pembeni mwa maji, mmoja akibahatisha kuokoa roho yake na mwingine akitafuta chakula cha usiku. Mtoto mdogo alikuwa anamtafsiria Kambo. Alipofika kwenye kisanduku kisicho na bawaba wala ufunguo wala kifuniko, na ndani kuna hazina ya dhahabu, Kambo hakumwacha amalize. "Yai. Nyumba yangu haina mlango." Chumba kizima kikapiga makofi. Gollum aliyekuwa anasota mbele yetu kwenye skrini bado alikuwa anatafuta jibu.

Badiliko moja dogo hapo lilinipendeza. Katika kitabu, Bilbo anataka kuomba aongezewe muda, hofu inambana koo, linatoka neno moja tu, "Muda! Muda!", na kumbe ndilo jibu. Katika filamu ni Gollum anayemwambia muda umekwisha, naye Bilbo analikamata neno hilo kutoka mdomoni mwake. Bahati imegeuka kuwa akili, lakini pumzi ya tukio imebaki ileile. Mtu aliyefanya hivyo alikipenda kitabu.

Filamu hiyo naipa nyota nne na nusu. Nusu iliyobaki inakwenda kwa Azog, yule orki (zimwi la vita) mweupe anayewafukuza njia nzima. Katika kitabu amekwisha kufa miaka mingi nyuma. Walimfufua kwa sababu filamu ya kwanza kati ya tatu ilihitaji adui wa kwake, na tangu anapotokea safari inageuka mbio.

Ya pili, La Désolation de Smaug, dakika 161. Buibui wa msituni wanatisha kwelikweli. Mtoto mdogo alijifunika kitenge cha Kambo. Baadaye yanakuja mapipa. Katika kitabu vibeti wamefungiwa ndani ya mapipa kama samaki wa chumvi, Bilbo anaelea juu ya pipa, analowa, anashikwa na mafua, siku tatu hawezi kutoka nje, na hata baada ya hapo kwenye karamu za wenyeji hawezi kutamka vizuri hata asante. Baba alikuwa akiiga ile asante ya pua iliyoziba mpaka tunalia kwa kucheka. Filamu imeacha mapipa wazi, imewatia orki kingo zote mbili za mto, na mishale inaruka kila upande. Mtoto mkubwa aliirudisha mara mbili, kwa hiyo najua kuna wanaoipenda. Mimi nililia mafua ya Bilbo. Kitabu kinasema shujaa ni mtu anayeweza kushikwa na mafua, na hilo ndilo lililoachwa mtoni.

Joka lenyewe ni kazi kubwa. Hapa nitoe ushauri: mkifika kwenye mazungumzo ya Bilbo na Smaug, badilisheni sauti iwe ya Kiingereza na muweke maandishi ya Kifaransa chini. Sauti ya Benedict Cumberbatch inatoka tumboni mwa ardhi. Mahali pengine pote sauti za Kifaransa zinatosha, ila wasomaji wa tafsiri ya zamani wajue kwamba Bilbo Baggins wa kitabuni hapa anaitwa Bilbon Sacquet. Watoto walidhani ni mtu mwingine.

Baada ya mazungumzo hayo, walipaswa kukata au kuendelea. Wao wakaongeza. Vibeti wanalichokoza joka lipulize moto kwenye matanuru yaliyolala miaka mingi, matanuru yanawaka papo hapo, dhahabu inayeyuka na kutiririka kama mto, na Thorin, kiongozi wao, anaelea juu yake ndani ya toroli la chuma. Hilo halimo kitabuni. Mimi ni mtoto wa mtu wa tanuru, siwezi kulinyamazia. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, shaba 1,085. Baba alitueleza jinsi unavyosimama mbali na bado unahisi nyusi zinajikunja. Mkononi alikuwa na alama ya tone moja, moja tu, lililompata kupitia nguo nzito. Tanuru la kuyeyushia halikokwi kama mbabula, jiko letu la mkaa. Nakubali joka, nakubali pete inayomficha mtu. Lakini watu hawa wanasifiwa kuwa mafundi wa chuma kuliko wote duniani, na filamu inawaonyesha hawajui moto ni nini. Kwa mtazamaji wa mji wa shaba hapo imani inakatika.

Na mwishowe ndiyo kisu. Joka linajitingisha dhahabu mwilini, linaruka kuelekea mji wa ziwani, Bilbo anauliza wamefanya nini, skrini inakuwa nyeusi. Mwaka 2013 watu walitoka ukumbini hapo na kungoja mwaka mzima. Sisi tulingoja wiki moja, na watoto walikasirika usiku kucha. Walikumbuka filamu nyingine iliyogawanywa, kitabu cha mwisho cha Harry Potter, kilichotolewa kwa sehemu mbili, 2010 na 2011. Kule sehemu ya kwanza inafika kwenye maziko ya Dobby, yule mtumishi mdogo rafiki yao, na baada ya hapo adui anapata fimbo aliyokuwa anaitafuta. Unakwenda nyumbani umezika mtu. Kuna jambo limekwisha hata kama hadithi haijaisha. Huku tumeachwa na mkono hewani. Nyota tatu.

Jumamosi ya tatu tuliketi mapema kwa sababu umeme kwetu ni wa zamu na hatukutaka kukatwa katikati. La Bataille des Cinq Armées, dakika 144. Joka linauchoma mji, Bard, mpiga upinde wa mji huo, analilenga kwa mshale mweusi alioegemeza begani mwa mwanawe mwenyewe, linaanguka. Na jina la filamu lilikuwa bado halijaonekana kwenye skrini! Mtoto mdogo akanigeukia:

"Mama mdogo, njo limekufa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa filme inabakia ya nini?"

Sikuwa na jibu zuri, na baada ya filamu kwisha bado sikuwa nalo. Katika kitabu joka linakufa sura ya 14, na sura tano zinazofuata ndizo chungu kuliko zote: adui amekufa, hazina imelala wazi, na sasa marafiki wanaanza kuangaliana kwa jicho baya. Hayo yalihitaji kuja mara tu baada ya hofu ya joka, damu ikiwa bado moto. Kutenganisha mwaka mzima kati ya joka na ugonjwa wa dhahabu ni kutenganisha kidonda na homa yake.

Homa yenyewe, lakini, wameionyesha vizuri, na kwa haki lazima niseme. Richard Armitage anamcheza Thorin mfalme anayetembea juu ya dhahabu akihesabu na kushuku, sauti yake ikianza kufanana na ya joka. Kambo alimtazama muda mrefu. Katika mji huu tumewaona watu waliopata mawe ya kijani yenye shaba, wakaacha kusalimia. Tukio hilo limepewa nafasi ambayo filamu moja isingeipa, na ndiyo sababu sikatai wazo la filamu zaidi ya moja.

Baada ya hapo ni vita, vita, vita. Katika kitabu Bilbo anapigwa jiwe kichwani, anazimia, na mengi anasimuliwa baadaye. Hapa vinachukua sehemu kubwa ya filamu, na hobbit mwenye jina lake juu ya kisanduku anapotea kwa muda mrefu nyuma ya watu wenye panga. Tauriel, msichana wa elfi, wale watu wa msituni wa hadithi hii, aliyebuniwa kwa ajili ya filamu, namheshimu mchezaji wake, lakini mapenzi yake na kibeti Kili yanakula dakika za kijana huyo na ndugu yake Fili, ambao kitabuni wanakufa wakimkinga mjomba wao, kwa sentensi moja tu inayouma kuliko machozi yote haya. Hata maneno ya Thorin anapokufa yamepunguzwa. Kitabuni anasema dunia ingekuwa na furaha zaidi kama wengi wangethamini chakula, uchangamfu na nyimbo kuliko dhahabu iliyofichwa. Filamu imeweka nyumbani mahali pa vyote vitatu. Baba alikuwa akirudia maneno hayo mezani, kila tulipopata bukari (ugali) na kitu kizuri cha kulia. Niliyasubiri saa zote nane. Nyota mbili.

Kuhusu kisanduku: picha ni safi, maandishi ya Kifaransa yanasomeka, diski hazikukwama hata mara moja. Kwa mtoto wa chini ya miaka tisa ningengoja, vichwa vinakatwa.

Bado tunazitazama. Nimepata namna yetu: diski ya kwanza yote, siku yake. Siku nyingine ya pili, mpaka joka linaruka kutoka mlimani. Hapo mtoto mkubwa anakuwa amekwisha kuishika diski ya tatu mkononi, anaibadilisha haraka, na tunaendelea mpaka joka linaanguka ziwani. Tunazima. Yaliyobaki mtoto mdogo anatusomea kwenye kitabu cha baba, Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili kwa ajili ya Kambo.