Fremu ya kalima yenye taa: nyota tatu, na moja ni ya fundi

Hela ya korosho ilipoingia nilijinunulia fremu ya kalima yenye taa, yaani shahada kwa Kiarabu, "La ilaha illa Llah, Muhammadun rasulu Llah", hapana mungu ila Allah, Muhammad ni mtume wa Allah. Sh 35,000, kwenye duka moja la mapambo mjini Mtwara. Nikarudi nayo Mikindani ndani ya bajaji nimeipakata kama mtoto.

Maandishi hayana doa. Wachapaji wa mapambo huharibu sana nukta za aya, lakini hapa hawana pa kukosea: toka "La ilaha" mpaka "rasulu Llah" hakuna nukta hata moja. Na "La ilaha illa Llah" haina herufi ya midomo, unaweza kuitamka bila midomo kugusana. Marehemu mama tulimlakinia hivyo, tukimtamkia aifuatishe wakati anakata roho, midomo imeshakauka, tukaona koo tu linacheza.

Sasa kasoro. Taa zake zimefungwa vipande viwili, na wiki ya pili kipande cha kushoto kikafa. Mjukuu wangu akarudi kutoka Isha, akasimama mlangoni: "Bibi, mbona ukuta wako unasema hapana mungu?"

Nikatazama. Kiarabu husomwa kutoka kulia; "La ilaha" inawaka, "illa Llah" giza. Madrasa wamemfundisha kwamba shahada ina nguzo mbili, nafyi na ithbati: kwanza unakanusha kila kinachoabudiwa, halafu unamthibitisha Allah peke yake. Mimi naisema tangu utotoni, naisikia kwenye kila adhana, na kwenye tahiyatu, kile kikao cha swala, kidole nakiinua papo hapo penye "illa Llah". Wala sikuwahi kufikiria ingekuwaje ikikatika pale. Nikachomoa waya. Heri giza lote.

Kesho yake dukani kijana akanijibu, "Mama, taa hazina waranti."

"Mwanangu, sidai taa. Nadai illa Llah."

Fundi aliyekuwa nyuma akacheka, akaifungua, akauchomelea waya kwa risasi, hakuchukua hata mia. Nyota ya tatu ni yake.

Mbili nimezizuia. Moja kwa ajili ya rimoti inayobadilisha rangi, nyekundu, buluu, zambarau, sikununua disko. Nyingine kwa sababu "Muhammadun rasulu Llah" imewekwa chini kwa rangi ya dhahabu, ndogo, bila taa. Shahada ni mbili. Anayesilimu hutamka zote, haambiwi ya pili ataimalizia akipata nafasi. Mtengenezaji angeongeza kipande cha tatu cha taa na bei ikapanda kidogo, ningelipa.

Ukienda kununua, iwashe palepale dukani, uiache nusu saa huku ukipiga soga, ndipo utoe hela. Yangu inawaka mpaka leo. Mjukuu kila akitoka msikitini anachungulia kwanza upande wa kushoto, kisha ndiyo anasalimia.