ExifTool: programu inayosema kila kitu kilichojificha ndani ya picha

Napiga picha za arobaini na harusi hapa Tanga, nyingi majumbani kwa watu. Za haraka napiga kwa simu, na simu ikiruhusiwa huandika ndani ya faili mahali hasa picha ilipopigwa. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukituma kama dokyumenti ili ubora usipungue, zinakwenda zote. Picha ya kichanga yenye ramani ya mlango wa nyumbani kwao: hilo siwezi kulikubali.

Ndiyo maana naisifu ExifTool. Ni ya bure, kaiandika Phil Harvey kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, na ipo tangu 2003. Haina vitufe, unaandika amri:

exiftool -gps:all picha.jpg

Mahali panatokea papo hapo. Ondoa hilo neno la katikati, itakumwagia saa, lenzi, mara nyingi hata namba ya kamera. Kufuta mahali kwenye folda nzima:

exiftool -gps:all= -r arobaini

Picha yenyewe haiguswi, ubora unabaki ule ule. Hapo ndipo iliponishika kabisa.

Jambo ambalo wapiga picha wengi hawalitazami ni kijipicha kidogo kinachokaa ndani ya faili. Programu nyingine za kuhariri hukata picha kubwa zikaacha kijipicha cha zamani, na uso ulioukata bado umo. Kitoe ukione:

exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > ndogo.jpg

Kasoro zipo. Kila ikibadilisha faili huacha nakala yenye mkia _original, na nakala hiyo bado ina mahali. Usimpe mteja folda bila kuzitoa. Amri ya -all= nayo hufagia kupita kiasi: inaondoa hata wasifu wa rangi (maelekezo ya jinsi rangi zionekane) na maelezo ya mzunguko, picha ya wima ikalala ubavu.

Nimetumia pia exiv2, programu nyingine ya kusoma taarifa hizi, ambayo ni nyepesi na kwa JPEG inatosha. Ile amri ya identify -verbose ya ImageMagick, programu ya kuhariri picha, inachanganya taarifa hizi na takwimu za rangi hadi unachoka kutafuta.

Kama ExifTool yako ni ya zamani, isasishe kabla ya kufungua faili za watu usiowajua. Matoleo ya 7.44 hadi 12.23 yalikuwa na tundu: faili ya hila ingeweza kuendesha amri kwenye kompyuta yako. Lilizibwa 2021, toleo la 12.24.